Siti binti Saad Alikuwa Mtunzi

Yako maneno mawili yasemwayo juu ya Siti binti Saad kila atajwapo katika madarasa yetu, na yote mawili huvaa vazi la sifa. La kwanza ni kwamba alikuwa na sauti isiyopata kifani katika pwani yetu. La pili ni kwamba nyimbo zake zilikuwa burudani kubwa ya watu wa zama zake. Maneno haya hayana uongo ndani yake, lakini yana upungufu, na upungufu wa namna hii hudhuru kuliko uongo. Uongo hupata mtu wa kuukanusha. Sifa pungufu hupokewa kwa shukrani, ikakaa mahali pa kweli nzima. Mtu asifiwaye kwa sauti peke yake amekwisha nyimwa akili, na wimbo uitwao burudani peke yake umekwisha fukuzwa katika ushairi. Katika insha hii nakusudia kuzipinga sifa hizo mbili. Nasema kwamba Siti alikuwa mtunzi, kwamba santuri zake ni diwani, na kwamba elimu ya fasihi ya Kiswahili isiyozisoma santuri hizo imejipunja yenyewe.

Habari za maisha yake hazitaki maneno mengi hapa, kwa kuwa Shaaban Robert amekwisha zieleza katika wasifu uliochapishwa mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo uliotoka Unyamwezi na Uzigua, na uliokuwa umepitia utumwa. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Hakupelekwa shule. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kwa kuvinadi, na kwa kunadi huko sauti yake ikajulikana kabla ya jina lake. Mwaka 1911 aliingia mjini, akakaa Ng'ambo, upande wa watu wa kazi na wa wale waliotoka utumwani, ambao mkono wa bahari uliutenga na Mji Mkongwe. Huko alifundishwa muziki na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1905. Akakutana na wenzake, nao ni Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruku Talsam. Wakafanya kundi moja. Mwaka 1928 walisafiri mpaka Bombay, kampuni ya His Master's Voice ikatia nyimbo zao katika santuri. Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950.

Sasa na tuitazame sifa ya kwanza, ile ya sauti. Si sifa mpya, wala haikuanza katika kinywa cha rafiki. Jina la Siti lilipokuwa limekwisha enea, mahasidi wake walitunga ubeti wa mistari mitatu, na ubeti huo ungali ukikumbukwa hata leo. Waliuliza tangu lini Siti amekuwa mtu, naye ametoka shamba na kaniki yake. Kisha wakauliza angalikula nini kama si sauti. Msomaji apime maneno hayo kwa makini. Hao walikuwa wakimdhalilisha, lakini hawakuikana sauti yake, waliikubali. Waliikubali ili wamkane yeye mwenyewe. Kwao sauti ilikuwa kama pato la bahati, kitu kilichookotwa na mtu asiyestahili, nayo ikiondolewa habaki mtu. Siti na wenzake walijibu kwa ubeti wa kipimo kile kile. Jibu hilo halikuisifu sauti hata kidogo. Lilisema kwamba uzuri wa sura si hoja, wala utukufu wa nasaba si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili.

Basi mashindano yalikuwa haya: maadui walisema sauti, naye akasema akili. Leo, baada ya miaka mingi, msomi asimamapo mbele ya wanafunzi wake na kumsifu Siti kwa sauti, kisha akanyamaza, amejipanga upande gani? Najua hakukusudia kumtusi. Lakini hukumu aliyoitoa ni ile ile ya mahasidi, isipokuwa imepakwa asali.

Yako majibu ambayo wenye rai hiyo huyatoa, nayo yastahili kusikilizwa moja baada ya moja. La kwanza, na ndilo zito, ni kwamba hatuwezi kumwita Siti mtunzi ilhali maneno ya nyimbo nyingi yalitungwa na wenzake wanaume, naye aliyapokea tu akayaimba. Sikatai kwamba wenzake walitunga. Nyimbo nyingine zilitoka kwake, nyingine zilitoka kwao, na nyingine zilikuwa za Kiarabu. Lakini jibu hili lasimama juu ya dhana kwamba utunzi ni kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kalamu yake. Dhana hiyo ni ya kitabu kilichopigwa chapa, na ni ngeni katika Ng'ambo ya zama zile. Kundi lilikuwa likikutana nyumbani kwa Siti. Habari za mji zililetwa barazani, zikazungumzwa. Ubeti ukatolewa, ukageuzwa, ukajaribiwa kwa sauti, ukakataliwa au ukakubaliwa. Katika kazi ya namna hiyo mtunzi si yule tu aliyetamka neno kwanza. Mtunzi ni yule pia aliyechagua neno lipi lisimame na lipi lianguke, ubeti upi utangulie na upi ufuate, na jambo lipi la mji listahili kuimbwa na lipi lipitwe.

Tena kuna kipimo kingine cha utunzi ambacho wasomi hukisahau, nacho ni dhamana. Neno likiudhi, ni nani aliyeulizwa? Ubeti wa kejeli haukumtaja Subeti, wala Buda, wala Maalim Shaaban. Ulimtaja Siti. Watu wa mji walijua maneno yale ni ya nani, na walipotaka kulipiza walimwendea mwenyewe. Ni ajabu kwamba mtu atambuliwe kuwa mwenye maneno yatakapo kulaumiwa, kisha asitambuliwe yatakapo kusifiwa.

Na tutazame jinsi tunavyowatendea watunzi wengine. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa katika vifua vya watu kwa miaka mingi, hata Mwalimu Sikujua alipoyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, W. E. Taylor akayahifadhi, na diwani ikapigwa chapa mwaka 1940. Nani kati yetu amedai kuonyeshwa mwandiko wa Muyaka kabla ya kumwita mtunzi? Nani ameuliza ni maneno mangapi yaliyobadilika katika vinywa vya waliyoyapokea? Hatuulizi, na twafanya vema kutouliza kwa namna ya kumnyang'anya mtu haki yake. Lakini kwa Siti, ambaye tunayo sauti yake mwenyewe, maneno yake yakitoka kinywani mwake mwenyewe, twadai hati. Kipimo kikiwa kirefu kwa mmoja na kifupi kwa mwingine, kilichopimwa si utunzi. Kilichopimwa ni kwamba mmoja alikuwa mwanamume, na mwingine alikuwa mwanamke, mfinyanzi, mtoto wa waliokuwa watumwa.

Jibu la pili ni kwamba nyimbo za santuri ni fupi na nyepesi, kwa hiyo hazina uzito wa shairi au utenzi. Hapa yafaa tueleze jinsi santuri ilivyokuwa. Upande mmoja wa santuri ya zama zile, yenye upana wa inchi 10, uliweza kuchukua muziki wa dakika tatu hivi. Katika usiku wa taarabu wimbo haukubanwa na saa. Ala zilitangulia, ubeti ukaimbwa na kurudiwa, msikilizaji akainuka kutunza, na wimbo ukarefuka kwa kadiri ya hamu ya waliohudhuria. Mbele ya mashine ya kampuni mambo hayo yote yalikatazwa. Mwimbaji alipewa dakika chache, na katika hizo alipaswa kutia ala, beti, na maana nzima isiyovunjika. Basi ufupi wa nyimbo zile haukuwa dalili ya umaskini wa mawazo. Ulikuwa ni sharti gumu kama sharti lolote la vina na mizani, na mtunzi aliyelitimiza amefanya kazi ya mtunzi. Twamsifu mshairi aliyefunga jambo zito katika mishororo minne yenye mizani 16. Kwa nini tusimsifu aliyefunga jambo zito katika beti chache za mishororo mitatu yenye mizani 12, huku saa ikimhesabia?

Nao ubeti huo wa mishororo mitatu si kitu cha ovyo. Una vina vyake vya kati na vya mwisho, una vipande vyake viwili katika kila mshororo, na una desturi yake ya kale katika nyimbo za pwani. Mtu anayeudharau hajaupima.

Tena kuna jambo la tarehe ambalo halikutazamwa vya kutosha. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, ambao ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ili kulisimamia jambo hilo. Twausoma mkutano huo katika kila historia ya lugha. Lakini mwaka ule ule 1928 Siti alikuwa Bombay akikitia Kiunguja katika santuri. Mkutano ulikipeleka Kiunguja kwa waliokuwa na shule. Santuri zilikipeleka kwa waliokuwa na masikio. Wengi katika bara na pwani walikisikia Kiunguja chenye ladha yake katika gramafoni ya mkahawa kabla hawajakiona katika kitabu. Na kwa mtaalamu wa lugha santuri hizo zina thamani kuliko dhahabu, kwa kuwa zina Kiunguja jinsi kilivyosemwa na mtu wa shamba aliyekaa Ng'ambo, kabla mkono wa wasahihishaji haujakigusa. Lahaja ile ilichaguliwa. Msemaji wake mkubwa akaachwa nje ya mlango.

Sasa nauendea wimbo mmoja, kwa sababu hoja isiyo na mfano ni kama mashua isiyo na nanga. Wimbo wenyewe ni ule ujulikanao kwa jina la Kijiti. Habari yake ni ya kweli, nayo ilitokea Unguja. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa na mtu aitwaye Kijiti kwenda katika starehe ya usiku, akauawa. Muuaji alitoroka akavuka bahari kwenda Bara. Wanawake waliofuatana na marehemu walikwenda mbele ya hakimu kutoa ushahidi. Wakafungwa wao, kwa sababu ya pombe iliyotumika katika starehe ile. Basi aliyeua alikuwa huru, na walioshuhudia walikuwa gerezani.

Tafakari jinsi jambo hili lingaliweza kuandikwa. Hati ya mahakama ingalisema kwamba sheria ya pombe ilivunjwa, na waliovunja wakaadhibiwa. Na kila neno lake lingalikuwa sahihi. Wimbo umesema jambo lile lile, lakini umeupanga mwendo wake hata msikilizaji mwenyewe aone kwamba usahihi na haki vimeachana. Haukutumia fumbo, ingawa fumbo ndilo silaha iliyozoewa katika taarabu. Mtunzi ajuaye mafumbo akiyaacha kwa makusudi, akamtaja mtu kwa jina lake mbele ya ulimwengu, amefanya uchaguzi wa kisanii na wa kiadilifu kwa pamoja. Hakimu alikuwa amekwisha maliza kazi yake, na hapakuwa na mahali ambapo wanawake wa Ng'ambo wangaliweza kukata rufani. Santuri ikawa mahakama ya rufani. Hukumu yake haikuweza kuwatoa wafungwa gerezani, lakini iliweza kuhakikisha kwamba jina la muuaji halipati mahali pa kujificha, hata ng'ambo ya bahari alikokimbilia, kwa kuwa santuri nazo huvuka bahari.

Hii ndiyo kazi iitwayo nyepesi. Nani katika wenye vitabu vya zama zile aliandika juu ya wanawake hao? Magazeti hayakuwa yao, wala mabaraza ya kutunga sheria hayakuwa yao. Mwaka huo huo wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja vilivyokaliwa na nyumba zao. Watu hao walikuwa na fikira juu ya haki, na fikira hizo zilitaka lugha. Lugha hiyo waliipata katika nyimbo. Msomi atafutaye fikira za watu wa Unguja wa miaka ile katika majalada ya serikali peke yake amekwenda kuuliza habari za mgonjwa kwa mwenye kumpiga.

Yatasemwa, na hili ndilo jibu la tatu, kwamba nyimbo zihusuzo mambo ya mtaani hufa pamoja na mambo hayo: Kijiti amepita, hakimu amepita, na msomaji wa leo hawajui. Ikiwa hoja hii ni kweli, basi tumfute na Muyaka, maana nusu ya utamu wa Muyaka umo katika ugomvi wa Mombasa na Unguja, na katika habari za soko, madeni na majumba ya mji wake. Beti hizo hazieleweki leo pasipo maelezo, nasi twaziandikia maelezo kwa furaha na kuzitungia mitihani. Jambo la mtaani halifanyi shairi kuwa dogo. Dhuluma iliyowapata mashahidi wale ilikuwa ya siku moja, lakini mpango wa mambo unaomfunga mnyonge kwa kosa dogo na kumwacha mwenye kosa kubwa aende zake haukuwa wa siku moja, wala haujatoweka duniani.

Jibu la nne ni kwamba maneno ya nyimbo, yakivuliwa muziki, hupwaya. Huenda baadhi yake hupwaya. Na mashairi mengi yaliyopigwa chapa hupwaya pia, ijapokuwa hayakuvuliwa kitu. Lakini jibu hili latoka wapi? Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba ushairi ni wimbo, na kwamba shairi lisiloimbika limekosa maana ya kuwa shairi. Wasomi wetu wengi huitumia sheria hiyo kama fimbo ya kuwapigia watunzi wa mashairi yasiyo na vina. Basi wawe waaminifu kwa fimbo yao. Ikiwa kuimbika ni sharti la ushairi, aliyeyatimiza masharti kuliko wote hawezi kukaa nje ya nyumba huku wasioimba wamekaa ndani. Hatuwezi kusema leo kwamba shairi ni lile liimbwalo, na kesho tukasema kwamba liimbwalo ni burudani tu.

La tano hunenwa kwa sauti ya chini: kwamba santuri zilikuwa bidhaa, zikiuzwa kwa faida ya kampuni ya kigeni. Ni kweli zilikuwa bidhaa. Kitabu nacho ni bidhaa, na vitabu vyetu vingi vya kwanza vilipigwa chapa London na kuuzwa dukani. Malenga wa kale walitunzwa na masultani na matajiri, wala hatukuona kwamba tuzo iliutia ushairi wao unajisi. Faida ya mwenye kampuni ni jambo la kuulizwa katika hesabu ya haki za msanii, na hesabu hiyo ni nzito kweli. Lakini si hoja ya kumnyima msanii jina lake. Aliyenyonywa katika malipo asinyonywe tena katika heshima.

Nisije nikaonekana kuwasahau waliotenda wema. Shaaban Robert, mshairi mkuu wa zama zake, hakuona aibu kushika kalamu na kuandika maisha ya mwimbaji, naye alimweka katika daraja ya watu ambao taifa hujifunza kwao. Laura Fair, mwanahistoria, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alizisikiliza santuri, akawasikiliza na wazee wa Unguja, na kwa hayo akaeleza maisha ya Ng'ambo kuliko majalada yalivyoweza. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, walipoanzisha gazeti lao, waliliita Sauti ya Siti, na katika jina hilo sauti ina maana ya kauli, yaani neno lenye fikira ndani yake. Basi mshairi amekwisha mwona, mwanahistoria amekwisha mwona, na waandishi wa habari wamekwisha mwona. Aliyebaki nyuma ni mwanafasihi, ambaye ndiye aliyepaswa kutangulia.

Kubaki nyuma huku kuna gharama. Santuri za zama zile zilikuwa kitu chenye kuvunjika kama kigae, na kila iliyovunjika ilikwenda na beti zake. Wazee walioweza kutueleza ni nani aliyetajwa katika wimbo fulani, na neno fulani lilikuwa na maana gani Ng'ambo, wamekwisha kwenda. Maneno ya nyimbo yaliyobaki huandikwa hapa na pale kwa kukisia, kosa la mmoja likanakiliwa na wa pili mpaka likawa kweli. Diwani ya Muyaka imepata wahariri kwa zaidi ya karne. Diwani ya Siti haijapata haki hiyo, nayo ni kazi iliyo wazi mbele ya kila idara ya Kiswahili: kuzikusanya nyimbo zilizosalia katika santuri, kuyaandika maneno yake kwa usikivu, kuonyesha mahali ambapo mapokezi hutofautiana, kueleza mambo na watu waliotajwa, kuwataja wenzake Siti kila mmoja kwa sehemu yake, na kuitia kazi hiyo katika mafunzo ya ushairi, si katika mafunzo ya ngoma na starehe.

Atakayesema kwamba kwa kufanya hivyo tutaushusha ushairi, na akumbuke aliyeyasema hayo kabla yake. Waliomwona Siti akitoka shamba na kaniki waliuliza tangu lini amekuwa mtu. Swali la kwamba tangu lini mwimbaji amekuwa mtunzi ni dada wa swali lile. La kwanza lilijibiwa na Siti mwenyewe, kwa ubeti wa mishororo mitatu, wala halikurudi tena. La pili limeachwa kwetu tulijibu, nasi hatuna udhuru wa kulinyamazia, maana maneno yake tungali nayo, na masikio tunayo.